Zimebaki Bastola Ngapi

Septemba 12

Leo nimetoa nguo za marehemu Lowell kabatini nizipeleke kanisani, wapewe wanaozihitaji. Ndani ya koti lake la kijivu, lile la harusi na mazishi, nimekuta bastola. Ni nyeusi, bapa, haizidi kiganja changu. Koti lilikuwa zito upande mmoja, nikadhani ni funguo.

Kwamba Lowell alikusanya bastola si habari mpya kwa mtu yeyote katika bonde hili. Alipenda zile za zamani za mfukoni, ambazo wanaume wa enzi za babu yake walizitia kwenye vizibao wakipanda treni. Alizinunua minadani, akazisugua kwa mafuta, na Jumapili baada ya ibada alizipeleka klabuni kupiga shabaha na rafiki yake Orville. Lakini zote zilikaa kwenye kabati la kioo kule chumba cha chini, na kabati lina kufuli. Ndivyo alivyoniambia miaka yote ya ndoa yetu. "Nedra, zote ziko kabatini. Lala." Nami nikalala.

Niliivuta ile sehemu ya juu kwenda nyuma, kama nilivyomwona akifanya. Risasi ikaruka, ikaangukia zulia. Kumbe ilikuwa imejaa, kifuani kwake, kanisani, mimi nimekaa ubavuni mwake naimba alto! Kisha nikachomoa magazini, lile kasha la risasi lililo ndani ya mpini, nikaiweka bastola kwenye sanduku la viatu, sanduku juu ya friji.

Septemba 13

Mvua. Sikutoka. Nimelipita lile sanduku kwa mbali kama vile lina mbwa ndani.

Septemba 15

Corinne amepiga simu. Mkataba wa nyumba yao unakwisha, na Todd, mumewe, yuko Dakota kwenye mabomba ya mafuta mpaka theluji iyeyuke. Mimba yake nayo inakua.

"Mama, tuje tukae kwako? Mimi na Junie. Tuanzie Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba."

Nilisema ndiyo kabla hajafika mwisho. Tangu Agosti, Lowell alipoanguka kati ya mistari ya nyanya, nyumba hii imenyamaza mno, na mimi nimepika miaka yote kwenye jiko la shule, sijui kupikia mtu mmoja. Niliimba nikiosha vyombo.

Halafu nikaacha kuimba. Mjukuu wangu Junie ana miaka mitatu. Wakati wa Pasaka alitoa sufuria zote kabatini, akafungua droo zote ambazo kidole chake kinazifikia, akala mshumaa. Nilidhani Lowell aliisahau ile ya kotini; je, kama hakuisahau? Je, kama aliweka na nyingine?

Septemba 16

Aliweka.

Moja nyuma ya redio ya jikoni. Moja ndani ya buti la mvua, imefungwa kwenye soksi. Na moja, Mungu wangu, chini ya meza ya kulia chakula, imeshikizwa kwa mkanda wa gundi, upande ule ule tunaoweka kiti kirefu cha Junie. Niliigusa kwa vidole nikiwa nimepiga magoti, nikabaki hapo hapo chini. Mtoto amekula viazi vyake kwenye meza hii. Miguu yake ilikuwa inabembea.

Nilikasirika mpaka nikazungumza na marehemu kwa sauti. Nilimwita jina ambalo sitaliandika.

Septemba 17

Sijazigusa tena. Nimempigia simu Orville Stahl.

Niseme ukweli, Orville sikumpenda kamwe. Ni mtu wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe, anayeingia na matope na kuuliza kuna keki gani. Alinichukulia Jumapili zangu zote. Lakini katika watu ninaowajua, ndiye pekee anayezijua bastola hizi.

Septemba 18

Amekuja na ndoo ya mchanga. Nikamcheka.

"Unakuja kujenga?"

"Nakuja kuelekeza mtutu mahali pasipo na mtu, shemeji. Leta hizo."

Nikamwonyesha sanduku kwanza. Nilijigamba kidogo. "Hii nimeshaitoa risasi mwenyewe. Iko tupu."

Aliishika, akaielekeza kwenye mchanga, akavuta sehemu ya juu. Risasi ikaruka, ikagonga dirisha la jiko.

Orville hakucheka.

"Shemeji, ulianza na nini? Ulichomoa magazini kwanza au ulivuta kwanza?"

"Nilivuta. Risasi ikatoka. Ndipo nikachomoa."

"Basi ulipovuta, ulitoa moja na ukaingiza nyingine. Magazini ilikuwa bado imo. Vitu hivi vya zamani havina huruma, haviangalii kama magazini imetoka. Hii ilikuwa tayari kufyatua."

Nikakaa. Kuna jambo sikumwambia, naliandika hapa. Lowell alikuwa na desturi: bastola yoyote iliyo tupu, kabla ya kuihifadhi, alibonyeza kifyatuo ili springi ya ndani ilegee, maana springi ya miaka themanini ikikaa imekazwa inachoka. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Siku niliyoipata, kabla ya kuiweka sandukuni, nilikaa kitandani na ile ya kotini, imeelekea kwenye paja langu, kidole kimeshafika, nikitaka kuipumzisha springi ya mume wangu kama alivyopenda. Nikapiga chafya. Nikaenda kutafuta leso, na nilipopata leso nikaona uvivu wa kurudia.

Septemba 19

Orville amezitoa risasi bastola zote nne, amezipeleka kwake kwenye sefu ya chuma. Amenifundisha: magazini kwanza, kisha vuta, kisha tazama, kisha ingiza ncha ya kidole uhisi tundu ni tupu, maana macho ya uzeeni yanaona yanachotaka. Nimerudia kwa bastola tupu mpaka gumba limechubuka.

"Zimebaki ngapi?" nikamwuliza.

Akakuna shingo. "Za kabatini nazijua. Hizi nne sizijui. Hakuwahi kunionyesha."

Yaani Lowell alikuwa na bastola ambazo hata Orville hakuzijua. Sasa nani atajua zimekwisha?

Septemba 24

Darini. Hakuna. Vumbi tu na mapambo ya Krismasi.

Septemba 27

Moja ndani ya piano. Nimeipiga piano hiyo miaka yote nikilalamika kwamba sauti ya chini imeharibika.

Oktoba 2

Corinne anauliza chumba cha Junie tupake rangi gani. Nikasema njano. Sikumwambia lingine lolote. Anampenda baba yake, amemzika juzi tu, nimwambie nini? Nitaisafisha nyumba kwanza, kisha hakutakuwa na la kusema. Orville hakubaliani.

"Mwambie binti yako, shemeji."

"Wewe tafuta bastola. Binti yangu niachie mimi."

Oktoba 6

Orville amekuja na kile kifaa cha kutafutia chuma, anachotumia mashambani kutafuta sarafu na risasi za vita vya zamani. Nyumba yetu ni ya mbao na misumari. Kililia kila hatua. Kililia ukutani, kililia sakafuni, kililia kwenye nyonga ya Orville ambako daktari alimtia chuma. Tulicheka mpaka tukashikilia fanicha. Mara kikalia kwenye mto wa kochi, na kochi halina misumari pale katikati.

Tuliacha kucheka. Nilikata mto kwa kisu cha mkate. Ilikuwamo, imejaa.

Junie alilala kwenye kochi lile.

Oktoba 13

Orville ameshikilia nifike klabuni. Anasema siwezi kutafuta kitu nisichokijua, na woga wa kitu usichokijua unakufanya ukishike vibaya. Majani ya mlima ni mekundu yote, na hewa ina harufu ya matufaha yanayopikwa. Wanaume waliokuwa wakipiga shabaha walivua kofia waliponiona. Wote walimpenda Lowell.

Tukaanza na nyepesi. Shabaha iko karibu, hatua chache tu, maana vibastola hivi vilitengenezwa vitumike mtu akiwa mbele yako mezani. Ya kwanza ilining'ata kati ya gumba na kidole, sehemu ya juu inaporudi nyuma. Nikatoa damu. Mzee mmoja akapiga kelele, "Karibu chamani, Nedra!" Kumbe wote wana kovu hilo. Lowell alikuwa nalo. Nilidhani ni la msumeno.

Ya pili ndiyo ile ya chini ya meza. Orville aliniweka nyuma yake, akaitia risasi moja tu, akavuta sehemu ya juu na kuiachia. Ikafyatuka yenyewe. Kidole chake hakikuwa karibu na kifyatuo kabisa. Risasi iliingia kwenye tuta la udongo, lakini sauti ile ilinipita mifupani.

"Meno yameisha," Orville akasema, akiwa ameishikilia mbali. "Kile kijino cha ndani kinachoshika springi kimelika. Ikigongwa kidogo tu inafyatuka."

Nikafikiria miguu ya mtoto inayobembea, ikigonga ubao wa meza kwa chini.

Ya mwisho ni ile ya kwenye kochi. Imepakwa nikeli, mpini ni wa ganda jeupe la chaza, ya mwanamke wa zamani bila shaka. Orville aliikagua mara tatu, akasema hii mashine yake ni nzima kama saa. Nikapiga. Nikapiga tena. Matundu yote yalikaa karibu karibu, ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya maziwa.

"Haloo!" Orville akasema. "Lowell aliniambia huwezi hata kupiga nzi."

Nilifurahi. Sikutarajia kuandika hivyo, lakini nilifurahi. Kibastola kile kinalingana na mkono wangu kama kilipimwa. Nikaelewa Jumapili zile.

Oktoba 14

Nimemwuliza Orville swali ambalo nimelibeba mwezi mzima. Tulikuwa tunakula pierogi, vile vipande vya unga vilivyokunjwa na viazi ndani, jikoni, yeye na matope yake.

"Alimwogopa nani?"

Akasogeza sahani kando. "Unakumbuka ule wizi dukani?"

Nakumbuka. Lowell alikuwa na duka la misumari na rangi, Corinne akiwa bado shuleni. Vijana wawili waliingia, wakachukua pesa za siku, wakaondoka. Alirudi nyumbani akaniambia hakuna kilichotokea, akala chakula chote.

"Walimlaza chini, shemeji. Wakamwekea mtutu sikioni, wakahesabu. Walibonyeza ikagoma. Wakacheka, wakaondoka. Aliniambia mara moja tu, akiwa amelewa. Alisema tangu siku hiyo hawezi kukaa chumba chochote bila kujua bastola iliyo karibu iko wapi."

Mimi nililala kando ya mtu huyo. Nilimwita jabali. Niliwaambia watu, mume wangu haogopi kitu. Kumbe alikuwa anaogopa akiwa kwenye kochi, akiwa mezani, akiwa kanisani, na mimi nikimwambia apunguze chumvi.

Nimeacha kumkasirikia. Nimelia mpaka Orville akaosha vyombo.

Oktoba 20

Kuna kitu kingine kimebadilika, na sikipendi. Zamani niliogopa bastola. Sasa naogopa alichokiogopa yeye. Nasikia gari likipunguza mwendo barabarani nasimama dirishani. Mlango wa nyuma naufunga, narudi kuutazama, narudi tena. Nyumba iko peke yake kwenye kona hii, jirani wa karibu ni ng'ombe.

Oktoba 22

Mtu alibisha hodi saa za mchana. Alikuwa anauza mkataba wa kusafisha mabomba ya joto. Sikufungua. Nilikaa sakafuni nyuma ya kochi mpaka akaondoka, mtu mzima mimi, bibi wa watu.

Oktoba 23

Nimemwambia Orville aniachie ile ya mpini wa chaza. Nikasema nataka kujizoeza.

"Na risasi?"

"Nijizoeze na mawe?"

Alinitazama, akatoa kisanduku cha risasi mfukoni, akakiweka mezani taratibu. "Kabla hawajafika, narudishiwa."

"Bila shaka."

Siku chache tu.

Novemba 1

Baridi kali. Tumepata moja kwenye kopo la mbegu za bizari, kule gereji. Ilikuwa na kutu, risasi zimeota ukungu wa kijani. Orville aliitoa nje ya nyumba akiwa amevaa miwani ya kulehemu.

Novemba 4

Nimelala vizuri. Iko chini ya mto.

Novemba 9

Hakuna. Tumeondoa mbao za sakafu ya chooni. Hakuna.

Novemba 15

Hakuna tena wiki nzima. Orville anasema amepekua hata kizimba cha mbwa aliyekufa. Tumefungua friza, tumetoa nyama ya kulungu ya mwaka jana pakiti kwa pakiti. Tumefungua saa ya ukutani. Tumetikisa vitabu vya nyimbo.

"Nadhani zimekwisha," akasema.

"Unadhani?"

"Shemeji, nyumba haiwezi kutoa kiapo."

Hilo limeniingia kama maji ya baridi. Hata tukibomoa kuta, sitajua.

Novemba 20

Theluji ya kwanza, nyembamba. Nimepaka chumba rangi ya njano. Corinne amepiga simu, anacheka, Junie alichukua simu akasema, "Bibi, nakuja na kitanda changu!" Nikacheka naye. Nikakata simu nikaenda kupekua tena chumba cha njano, nyuma ya kila ubao, kwa vidole.

Novemba 23

Wanafika kesho. Nimeamua kumpa Corinne kitanda changu, mgongo unamuuma. Nimebadilisha mashuka. Ile ya mpini wa chaza nimeitoa chini ya mto nikaitia mfuko wa sweta langu la sufi, kwa muda, mpaka Orville aje Alhamisi kula nasi. Nitampa mlangoni. Yeye mwenyewe amenikumbusha kwa simu, nikamjibu, "Bwana, mimi si mtoto."

Novemba 24

Wamefika! Nyumba ina kelele. Junie ameshafungua droo zote, nami nimemfuata nyuma kila hatua mpaka Corinne akaniuliza kama nina homa.

Novemba 27

Ni Jumamosi. Jana sikuweza kuandika. Nitaandika yote bila kujipendelea.

Alhamisi, siku yenyewe ya Sikukuu ya Shukrani, niliamka kabla ya wote kumtia bata mzinga kwenye oveni. Baridi iliingia kwenye nyufa, nikavaa sweta. Nilijua kilichomo mfukoni. Nasema nilijua, kwa sababu nilikipapasa mara kwa mara nikikaanga vitunguu, na kila nikikipapasa moyo ulitulia. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kujitazama. Sikusimama. Nilikuwa na viazi.

Orville alifika na keki ya maboga, na matope. Mlangoni alininyooshea mkono, kiganja wazi. Nikamwambia, "Baadaye, bata anaungua." Bata hakuwa anaungua.

Tulikaa mezani. Corinne alisali, akamtaja baba yake, sote tukalia kidogo, kisha tukaanza kula. Ilikuwa nzuri. Junie alimaliza viazi, akashuka kitini, akazunguka meza akapanda mapajani mwangu. Ana harufu ya siagi na usingizi. Nikamkumbatia. Nilikuwa namsikiliza Orville akieleza jinsi nilivyopiga shabaha kumzidi, akicheka kabla hajafika mwisho, na mimi nacheka pia.

"Bibi," Junie akasema, "una jiwe?"

Mkono wake ulikuwa tayari umezama mfukoni mwangu mpaka kiwiko. Niliuhisi ukifanya kazi mle ndani, vile vidole vidogo vinavyofungua kila kitu.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Niliushika mkono ule kwa nje ya sufi, nikaubana usiende mbele wala nyuma. Nilihisi kidole chake kimoja kimepita pale kwenye tundu la kifyatuo. Kilikuwa kimelegea, chenye joto. Bastola ilikuwa imelala ikielekea tumbo langu, na upande wa pili wa tumbo langu, ubavuni, alikaa Corinne na mimba yake.

"Orville," nikasema.

Alielewa kwa sauti tu. Alikuja akapiga magoti, akaingiza gumba lake taratibu nyuma ya kifyatuo kisibonyezeke, akamwambia, "Junie, babu ana pipi, fungua mkono nikuwekee." Mkono ukafunguka. Akautoa. Junie akatazama kiganja chake, akauliza pipi iko wapi.

Corinne alikuwa amesimama.

"Ni nini hicho?"

Orville alikuwa ameishika chini, kwenye kivuli cha kitambaa cha meza, lakini nikeli inang'aa.

"Ina risasi?"

"Corinne, mwanangu..."

"Mama. Ina risasi?"

"Ndiyo."

Alimwinua Junie kama anamtoa kwenye maji. Ndipo nikasema yote, vibaya, nikirudi nyuma na mbele: koti, redio, buti, meza hii, kochi, baba yake, vijana wa dukani. Alisikiliza akimvalisha mtoto viatu. Vidole vyake vilikosea kamba mara mbili.

"Umejua tangu Septemba."

"Nilitaka kuisafisha nyumba kwanza. Sikutaka umwone baba yako..."

"Na hii?" Hakuinua sauti. Ningependa angeinua. "Hii nayo baba ndiye aliyekuwekea mfukoni?"

Waliondoka kwenda kwa mama mkwe wake, chakula kikiwa kwenye sahani. Junie alikuwa analia kwa sababu ya keki. Nilisimama barazani na sweta langu mpaka taa za gari zikapotea kwenye kona.

Orville aliielekeza bastola kwenye theluji, akachomoa magazini, akavuta. Risasi iliruka ikazama. Hakunikemea. Alisema tu, "Lowell naye alianza na moja, shemeji," akaenda kuosha vyombo.

Novemba 29

Msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa. Tangu alfajiri milima inalia risasi pande zote, kama kila mwaka, na kila mwaka sijali. Leo kila mlio umeniweka sakafuni. Sina kitu mfukoni. Mkono unaenda wenyewe, unakuta sufi.

Naogopa. Naandika neno hilo kwa sababu Lowell hakuwahi kulisema ndani ya nyumba hii, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Desemba 1

Corinne hapokei simu.

Desemba 3

Hapokei.

Desemba 5

Amepokea. Sikuomba msamaha kwanza, ingawa nilikuwa nimepanga. Nilisema, "Corinne, naogopa. Mchana na usiku. Nilianza kuogopa watu ambao hawapo, na ile ilinituliza, nikashindwa kuiachia. Ningeishikilia hata wewe ungekuwa hapa mwaka mzima."

Nilimsikia Junie kwa mbali akibishana na katuni.

"Kwa nini hukuniambia unaogopa?"

"Baba yako hakuniambia mimi."

Akalia, na mimi nikalia, hatukusema lolote la maana baada ya hapo. Alipokata sikujua kama ninasamehewa au ninaagwa.

Desemba 8

Orville amekuja na fundi. Kesho wanaweka taa ya nje na kufuli mpya mbili. Orville pia amemleta mbwa wake mzee, eti akae kwangu kwa muda. Mbwa ni kiziwi. Nimempa mkia wa soseji, amelala miguuni pangu, na kwa kweli inasaidia.

Desemba 11

Jumamosi. Theluji mpaka magotini. Gari la Corinne liliingia uani bila simu.

Nilifungua mlango. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, tumbo mbele, Junie ameshikwa mkono kwa nguvu. Hakuingia. Alinitazama juu mpaka chini.

"Inua mikono, Mama."

Nilidhani ni utani. Haukuwa. Nikainua mikono, hapo mlangoni, baridi ikiingia ndani, mbwa kiziwi akitutazama. Alivua glavu. Alianza na mifuko ya sweta, akaigeuza nje yote miwili. Akapapasa aproni, kiuno, mgongo, akainama kwa shida na tumbo lake akapapasa vifundo vya miguu mpaka ndani ya soksi. Mikono yake ilikuwa baridi. Alikuwa anaogopa kupata kitu. Nilisimama tuli. Nilitamani achukue muda mrefu zaidi, apapase kila mshono, asibakize.

"Itakuwa hivi kila siku," akasema akiwa bado chini. "Kila asubuhi, kabla Junie hajakukaribia. Sijali utajisikiaje."

"Kila siku," nikasema.

"Na mimi!" Junie akasema. Akajichomoa, akaja akanipapasa magoti kwa viganja vyote viwili, kwa bidii kubwa, akatia mkono kwenye mfuko wa sweta uliogeuzwa nje, akatafuta, hakukuta. Akamgeukia mama yake.

"Bibi hana kitu."

Corinne alikaa kwenye ngazi, kwenye theluji, akaufunika uso. Mimi bado nilikuwa nimeinua mikono, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia niishushe.